Niliyoyakuta ndani ya shahada ya utawala wa biashara

Mtu akisema anasomea uuguzi au ualimu, hakuna anayemchimba zaidi. Ukisema unasomea utawala wa biashara, swali linakuja palepale: "Kwa hiyo unasoma nini hasa?" Mwaka wa kwanza jibu langu lilikuwa kutaja majina ya masomo moja baada ya jingine, na aliyeuliza anabaki palepale alipokuwa. Wengine hawakuwa na haya: "Hiyo si ndiyo kozi ya waliokosa kozi?" Inauma, hasa kama na wewe mwenyewe hujajua vizuri umefuata nini.

Nimemaliza, nimesota kutafuta kazi, nimepata. Sasa wadogo zangu wananipigia simu kabla ya kujaza fomu za maombi, na najikuta narudia maneno yaleyale. Afadhali niyaandike.

Msimamo wangu nautoa mapema, na najua wapo waliosoma kozi hii watakaoupinga. Sehemu ya shahada hii inayobaki kichwani na kukulipa baadaye ni ile ya namba: uhasibu, takwimu na fedha. Nadharia za uongozi zinazojaza madaftari ni rahisi kufaulu na rahisi zaidi kusahau. Wengi hufanya kinyume. Hukimbia namba, hukumbatia maelezo, kisha mwaka wa mwisho wanashangaa mbona hawana cha kumwonyesha mwajiri.

Umbo la kozi halitofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Nchi nyingi za Ulaya ni miaka 3, Marekani ni 4, kwingine mara nyingi ni moja kati ya hizo. Mwaka wa kwanza mnachanganywa wote: uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, takwimu, misingi ya menejimenti, stadi za mawasiliano. Katikati yanakuja masoko, rasilimali watu, fedha za kampuni, sheria, uzalishaji na ugavi, mifumo ya taarifa. Mwishoni kuna mikakati, maadili, utafiti, mafunzo kwa vitendo na mchepuo utakaouchagua. Mseto huu ni wa siku nyingi. Mfanyabiashara Joseph Wharton alipotoa fedha za kuanzisha shule ya biashara katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1881, hoja ilikuwa hiyohiyo, kwamba biashara inaweza kufundishwa darasani badala ya kujifunzwa kwa kukaa miaka nyuma ya karani mzee.

Uhasibu ndio uliotutisha wengi. Waliosoma biashara sekondari walikaa mbele wakitabasamu. Sisi tuliotoka kwenye historia na lugha tulikaa nyuma tukinakili tusichokielewa. Kikwazo cha kwanza ni debiti na krediti, kwa sababu kila mtu anaingia na maana yake ya mtaani, kwamba kimoja ni kizuri na kingine kibaya. Ukweli ni kwamba ni upande wa kushoto na upande wa kulia, basi. Kila muamala unagusa sehemu mbili: ukinunua meza kwa fedha taslimu, meza imeingia na fedha imetoka. Mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli aliuchapisha utaratibu huu mjini Venice mwaka 1494, akieleza kile ambacho wafanyabiashara wa pale walikuwa tayari wanakifanya, na programu za uhasibu za leo bado zinakwenda kwa kanuni hiyo hiyo.

Kuna jambo moja la uhasibu ambalo halikuwa kwenye kitabu chetu na limeniokoa mara nyingi. Urari ukigoma, yaani jumla ya kushoto na ya kulia hazilingani, usianze kukagua mstari kwa mstari kwa hasira. Chukua tofauti. Kama inagawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku kwamba umepindua tarakimu: 540 umeiandika 450, tofauti ni 90. Kama haigawanyiki hivyo lakini ni namba shufwa, igawe kwa 2 kisha tafuta kiasi hicho kwenye leja, yaani daftari la hesabu, huenda umekiandika upande usio wake. Mwalimu wa mazoezi alitufundisha hilo jioni moja baada ya kipindi kwisha, wakati wengi wameshaondoka. Tangu hapo nilibaki kila jioni, maana niligundua mambo yenye faida husemwa mhadhara ukishafungwa.

Lakini kilichonibadilisha ni zoezi moja la mtiririko wa fedha. Nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa naona ndilo kiini cha shahada nzima.

Mtu anaanza biashara na mtaji wa 1,000. Kila mwezi ananunua mzigo kwa 600 taslimu na kuuza wote kwa 900. Matumizi ya mwezi, pango na mishahara, ni 100. Kwa hiyo kila mwezi anapata faida ya 200. Biashara nzuri kabisa, ungeikopesha. Sasa ongeza sharti moja dogo: wateja wake wanalipa baada ya miezi 2. Mwezi wa kwanza unaisha akiwa na faida ya 200 kwenye vitabu na 300 mkononi. Mwezi wa pili ananunua tena na kulipa matumizi, jumla 700. Faida imefika 400, lakini mkononi ana hasi 400. Mwezi wa tatu anatakiwa kutoa 700 nyingine kabla wateja wa mwezi wa kwanza hawajaleta 900 zao, kwa hiyo kwa muda fulani anafika hasi 1,100. Huyu ni mtu mwenye wateja, mwenye faida, asiyeibiwa na mtu, na anahitaji mkopo unaozidi mtaji wake wote ili tu asifunge. Akivuka hapo hali inarudi taratibu, na mwezi wa tano ukiisha ana 200 mkononi. Wengi hawafiki mwezi wa tano.

Darasa lilinyamaza. Kisha mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, sasa faida iko wapi?" Mwalimu akamwambia aangalie mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya biashara: iko kwa wadaiwa, wale wateja ambao hawajalipa. Baada ya mwezi wa pili wadaiwa wana 1,800, fedha ni hasi 400, tofauti ni 1,400, ambayo ni mtaji wa 1,000 na faida ya 400. Vitabu vimelingana barabara na mfanyabiashara hana cha kulipa mishahara.

Fanya zoezi hilo kwa mkono, kwa penseli, kabla hujaligusa kwenye jedwali la kompyuta. Halafu libadilishe: wateja wakilipa baada ya mwezi 1 inakuwaje? Muuzaji wa mzigo akikubali kusubiri siku 30 je? Ukiweza kujibu hayo bila kutazama kitabu, umeshaelewa kwa nini kampuni kubwa zinahangaika na siku za kukusanya madeni, na nusu ya somo la fedha la mwaka wa pili utalikuta jepesi.

Takwimu zilikuwa na balaa lake. Fomula hazikuwa tatizo, tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyetuambia zina kazi gani, kwa hiyo tulikariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Nilikuja kuzihitaji mwaka wa utafiti, na ilibidi nianze upya. Ninachowaambia wanaoanza ni kwamba kila dhana waitafutie swali la biashara linalojibiwa nayo. Wastani na kati (namba inayokaa katikati ukizipanga zote kwa ukubwa), kwa mfano: kampuni ikitangaza wastani wa mishahara yake, bosi mmoja anaweza kuupandisha peke yake, wakati mshahara wa kati hautikisiki. Uhusiano wa vitu viwili kupanda pamoja hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, na hapo ndipo ripoti nyingi za masoko huanguka. Jifunze pia kutumia jedwali la kompyuta kwa dhati: majedwali egemeo yanayofupisha data nyingi kwa makundi, kutafuta thamani kutoka orodha nyingine, kuchora grafu isiyodanganya. Chuoni hilo huchukuliwa kama jambo utakalolijua tu. Kazini ndilo la kwanza kuombwa.

Uchumi niliupenda, ingawa michoro ya mahitaji na ugavi inachosha. Mwanauchumi Adam Smith mwaka 1776 alieleza karakana ya pini ambamo watu 10 wakigawana hatua za kazi walitengeneza zaidi ya pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiyefunzwa kazi hiyo, akifanya kila hatua peke yake, pengine asingefikisha 20. Mwanauchumi mwingine, Ronald Coase, mwaka 1937 akauliza swali linaloonekana la kitoto: kama soko ni zuri kiasi hicho, kampuni zipo za nini? Kwa nini mtu aajiri watu badala ya kununua kila huduma sokoni siku anapoihitaji? Jibu lake ni kwamba kutumia soko kuna gharama: kutafuta, kupatana, kuandikiana mikataba. Gharama hizo zikizidi zile za kupanga kazi ndani, kampuni inazaliwa. Kila nikisikia ubishi wa kuajiri mlinzi au kukodi kampuni ya ulinzi, namkumbuka.

Gharama za maamuzi ndizo somo dogo lenye faida kubwa kuliko ukubwa wake. Chukua bidhaa inayouzwa 50, na kuitengeneza kunagharimu 30. Kila moja inachangia 20 kulipia gharama zisizobadilika. Kama hizo ni 400 kwa siku, ukiuza 20 umefika pasipo faida wala hasara. Sasa meneja wa mauzo anakuja na wazo la punguzo la asilimia 10. Linasikika dogo. Bei inakuwa 45, mchango unashuka hadi 15, na sasa unahitaji kuuza 27 ili ufike palepale. Asilimia 10 ya bei imekula robo ya mchango, na unahitaji theluthi zaidi ya wateja ili usirudi nyuma. Nimekaa kwenye vikao vya watu wazima wenye vyeo ambako hesabu hii ya dakika 2 haikufanywa, na punguzo likapitishwa kwa makofi.

Nije kwenye nadharia za menejimenti, ambazo nimeshazisema vibaya. Utasoma kuhusu Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyetaka kila kazi ipimwe kwa saa na ifanywe kwa njia moja iliyo bora, mwaka 1911. Utasoma Henri Fayol, mhandisi wa Ufaransa, na kanuni zake 14 za menejimenti za mwaka 1916. Utasoma majaribio ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, yaliyoanza 1924, ambayo husimuliwa kwamba wafanyakazi waliongeza uzalishaji kwa sababu tu walijua wanaangaliwa. Na utachora piramidi ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow mpaka mkono uchoke. Jambo la kuchekesha ni kwamba makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi yoyote. Imechorwa na wengine baadaye. Na data za Hawthorne zimechambuliwa upya na kukutwa dhaifu kuliko zinavyosimuliwa. Mitihani mingi haiulizi hayo. Inauliza utaje ngazi 5.

Ushauri wangu ni kuzisoma kama historia ya watu waliojaribu kutatua shida fulani kwa wakati wao. Taylor alikuwa anashughulika na viwanda vya chuma, wengi wa wafanyakazi wakiwa wahamiaji wasio na elimu ya darasani. Ukijua hivyo, utajua pia wapi mawazo yake hayafai. Ukikariri tu, utakuwa kama kasuku aliyefunzwa salamu: anaitoa vizuri, hata kwa mwizi.

Sasa kazi za vikundi. Hakuna anayekuandaa kwa hizi, na kwangu zilikuwa chanzo cha machozi kuliko mtihani wowote. Kila somo lina ya kwake, na kundi huwa na watu wale wale: mmoja anayeandika kila kitu kwa sababu haamini wenzake, mmoja anayepotea mpaka siku ya kuwasilisha, na mmoja anayewahi kusema, "Jamani, mimi nitafanya jalada na kuchapisha." Tulipomfuata mwalimu kumshtaki mwenzetu ambaye hakuwa ameandika hata sentensi moja, alituuliza tulimwambia lini. Tukajibu kwamba hatujamwambia, tulikuwa tunamstahi. "Na mnakuja kwangu usiku wa kuamkia kuwasilisha," akasema. "Kazini mtakuja kwa nani?" Alitupa alama sawa wote. Nilikasirika siku nyingi.

Baadaye tulipata utaratibu uliofanya kazi. Kikao cha kwanza, kabla ya kugawana sehemu, tunakubaliana kwa maandishi nani anafanya nini na lini, na tarehe yetu ya mwisho inakuwa siku kadhaa kabla ya ile ya mwalimu. Tunaandika kwenye waraka mmoja wa mtandaoni unaohifadhi historia ya mabadiliko, kwa hiyo mchango wa kila mtu unaonekana bila kugombana. Anayechelewa anaambiwa siku ileile, kwa upole, mbele ya wote. Na mtu mmoja anapewa kazi ya kusoma waraka mzima mwanzo hadi mwisho ili usisomeke kama umeandikwa na watu waliogombana. Kati ya yote niliyoyapata chuoni, hili nalitumia kila wiki.

Masoko yana sifa ya kuwa somo la raha, na kweli lina raha. Kila mtu atakufundisha zile nguzo 4 alizozipanga E. Jerome McCarthy mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali, utangazaji. Kugumu ni kwenye utafiti wa soko. Dodoso la kwanza la kundi letu lilikuwa na swali hili: "Je, ungependa kupata huduma ya haraka na ya uhakika kwa bei nafuu?" Karibu wote walijibu ndiyo. Tukaweka chati ya duara yenye rangi moja na kutangaza kwamba soko lipo. Mhadhiri aliliandika swali ubaoni, akauliza ni nani duniani angejibu hapana. Kisha akatuonyesha namna ya kulipindua: muulize mtu mara ya mwisho alipohitaji huduma hiyo alifanya nini, alilipa kiasi gani, na alisumbuka wapi. Yaliyokwisha kufanyika yana ushahidi kuliko nia. Ukiulizwa "ungenunua?" unajibu kwa adabu, lakini ukiulizwa "ulinunua wapi?" unalazimika kukumbuka.

Fedha za kampuni ni uhasibu ulioongezewa wakati. Wazo lake ni moja: 1,000 ya leo na 1,000 ya miaka 5 ijayo si sawa. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, hiyo ya baadaye ina thamani ya kama 621 leo. Ukilishika hilo, kuthamini mradi, mkopo, hisa au mashine ni kulirudia kwa sura nyingine. Kuna kanuni ya haraka ya kubeba kichwani: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, upate takriban miaka ya fedha kujizidisha mara 2. Kwa asilimia 12 ni miaka 6. Inafanya kazi kwa akiba, na inafanya kazi vilevile kwa deni usilolilipa, jambo ambalo wanafunzi wanaochukua mikopo ya masomo wangeliangalia kabla ya kutia saini.

Sheria ya biashara nilidhani itanilaza usingizi. Haikunilaza, kwa sababu inafundishwa kwa kesi. Kwenye vyuo vinavyofuata mfumo wa Uingereza utakutana na kampuni iliyotangaza kumlipa pauni 100 mtu atakayeugua mafua makali baada ya kutumia dawa yake ya kuvuta kwa pua, kisha mama mmoja akaugua, akadai, na mwaka 1892 mahakama ya rufaa ikasema tangazo lile lilikuwa ahadi ya kweli, lipeni. Utakutana pia na kesi ya Salomon ya mwaka 1896, iliyothibitisha kwamba kampuni ni mtu wa peke yake kisheria, tofauti na mwenye hisa zake. Hiyo ya pili ndiyo msingi wa mtu kufungua kampuni na bado akalala nyumbani kwake biashara ikifa. Isipokuwa, bila shaka, benki imemtaka asaini dhamana yake binafsi, na benki kwa kawaida humtaka.

Uzalishaji na ugavi sitausemea sana. Ni somo zuri linalofundishwa vibaya. Beba kanuni moja tu, ya John Little: idadi ya watu walio ndani ya mfumo ni kasi yao ya kuingia mara muda wanaokaa. Wakiingia 40 kwa saa na kila mmoja akakaa robo saa, ndani mna wastani wa watu 10. Kama viti ni 6, foleni haitaisha kwa kuwaomba radhi wateja.

Kuhusu gharama niwe mkweli. Ada utaijua mapema, yanayokuumiza ni yasiyoandikwa kwenye barua ya udahili. Kompyuta mpakato si anasa kwenye kozi hii. Vitabu ni ghali, na toleo la zamani linatosha kwa masomo mengi, ila si kwa uhasibu wa ngazi ya juu na kodi: kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 16 kilianza kutumika mwaka 2019 na kikabadilisha namna mikataba ya upangaji inavyoingizwa kwenye mizania, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo kitakufundisha kisichotumika tena. Maktaba nyingi zina hazinadata za makala ambazo chuo kimeshazilipia, na wanafunzi hawazifungui hadi mwaka wa mwisho.

Gharama kubwa kuliko zote kwangu ilikuwa mafunzo kwa vitendo. Wengi hawalipwi. Nauli na chakula ni juu yako kwa wiki kadhaa, na huwezi kufanya kibarua chako cha kawaida. Nilipopelekwa, sehemu ambayo sitaitaja, kazi ya mwanzo ilikuwa kupiga nakala na kupanga mafaili. Nilihisi nimetupwa. Kilichobadilisha mambo ni kwamba mafaili yale yalikuwa ya ankara, nikaanza kuandika pembeni kila moja ilitolewa lini na ililipwa lini. Baada ya muda nilikuwa na jedwali la siku za kulipwa kwa kila mteja, na wateja watatu walikuwa wanachelewa kupita wote. Nilimpelekea mhasibu. Hakunisifu, aliniuliza kama naweza kuliendeleza hadi mwezi huo. Kuanzia siku hiyo sikupiga nakala tena. Zoezi lile la mtaji wa 1,000 ndilo lililonifungulia macho, vinginevyo ningeendelea kuona makaratasi tu.

Kwa hiyo anza kutafuta nafasi muhula mmoja kabla, andika barua kwa mtu na si kwa "yeyote anayehusika", na uliza mapema kama chuo kina bima kwa wanafunzi walioko nje. Kampuni ndogo mara nyingi itakuonyesha mengi zaidi kuliko kubwa, kwa kuwa pale mhasibu, mnunuzi na mpokea simu wanakaa chumba kimoja.

Mwaka wa mwisho unakuja na mikakati, na mikakati inakuja na lile jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho ambalo kila kundi hulijaza kwa maneno kama "ubora wa huduma" na "teknolojia". Halina kosa lenyewe, ila linakubali uvivu. Mimi nilipendelea mfumo wa nguvu 5 za ushindani wa Michael Porter wa mwaka 1979, kwa sababu unakulazimisha kuuliza faida inakwenda kwa nani: washindani waliopo, wanaoweza kuingia, bidhaa mbadala, wauzaji wa malighafi au wanunuzi.

Maadili yalifundishwa kwa haraka mno, na nadhani hilo ni kosa la kozi nyingi. Tulijadili hoja ya mwanauchumi Milton Friedman ya mwaka 1970, kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida ndani ya sheria, na ile ya R. Edward Freeman ya mwaka 1984, kwamba kampuni inawajibika kwa wote inaowagusa. Mjadala ulikuwa moto lakini ulielea hewani. Ulitua tulipofungua Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka mwaka 2001. Kampuni ile ilikuwa inaandika faida ya mikataba ya miaka mingi ijayo kana kwamba imeshapatikana, na kuficha madeni kwenye kampuni za pembeni. Faida kwenye karatasi, fedha hakuna. Tulitazamana, maana tulikuwa tumeuona ugonjwa huo mwaka wa kwanza kwa mfanyabiashara wa mtaji wa 1,000, tofauti ikiwa kwamba yule hakudanganya mtu.

Kuna mambo ambayo shahada haitakupa hata ukipata daraja la juu. Haitakufundisha kuuza uso kwa uso, kukataliwa, na kurudi kesho. Haitakufundisha kumwambia mtu mzima kuliko wewe kwamba hesabu yake si sahihi bila kumvunjia heshima. Hayo niliyapata kwenye uongozi wa chama cha wanafunzi na kwenye kibarua cha likizo, na nawaambia wadogo zangu wasivione kama vya kupotezea muda. Na kama lengo lako ni uhasibu au ununuzi na ugavi, fahamu kwamba shahada hii pekee mara nyingi haitoshi. Kuna mitihani ya bodi za kitaaluma, na baadhi ya masomo ya chuo hukupunguzia karatasi za kufanya, kulingana na chuo ulichosoma na somo lenyewe. Uliza hilo kabla ya kuchagua mchepuo, kwa sababu waliouliza baada ya kuhitimu walikuta somo moja waliloliruka kwa kuogopa namba ndilo lingewapa msamaha.

Ukienda siku ya wazi ya chuo, acha kuuliza kuhusu majengo. Muulize mkuu wa idara takwimu zinafundishwa na nani na kwa programu gani, nafasi za mafunzo kwa vitendo zinatafutwa na chuo au na mwanafunzi, madarasa ya mazoezi yana wanafunzi wangapi, na bodi gani za kitaaluma zinaitambua shahada hiyo. Kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwulize hayohayo.